Waendesha pikipiki tuliostaafu hapa Dodoma, siku zetu zinakwendaje?

Bwana Mifugo Mstaafu (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, mbukwenyi.

Nilistaafu kwa kutimiza miaka 60 na sasa nimeingia mwaka wa nne wa kukaa nyumbani. Nilikuwa ofisa ugani wa mifugo, na katika miaka 32 ya utumishi sikuwahi kuwa na meza ya maana, kwa kuwa ofisi yangu ilikuwa juu ya pikipiki. Nilianza na Yamaha DT, ile iliyokuwa ikiunguza oili pamoja na petroli na kuacha moshi wa buluu kijiji kizima, nikahamia Honda XL 125 ya halmashauri, na hiyo ilipochoka nikanunua Honda CG 125 yangu mwenyewe kwa mkopo wa saccos, ambayo ninayo mpaka leo. Mwaka 2022, Rais Samia alipozindua hapa Dodoma ugawaji wa pikipiki kwa maofisa ugani, nilikuwa nimebakiza miezi mitano tu, kwa hiyo nilizitazama zile mpya kama mtu anavyotazama harusi ya jirani.

Nimeleta mada hii kwa sababu tulikuwa wanne tulioondoka kazini karibu wakati mmoja, wote watu wa pikipiki, wote wenye pensheni zinazokaribiana, na leo ukituona huwezi kuamini kwamba tulianza mstari mmoja. Mwenzetu wa kwanza alijenga vyumba vya kupangisha Nkuhungu, akaegesha pikipiki chini ya mwembe, akaanza kusubiri kodi. Mwaka haukuisha, tairi zilikuwa zimelala na yeye mwenyewe alikuwa analala mpaka saa nne asubuhi. Wa pili aliuza pikipiki wiki ileile ya kuagwa, akanunua gari dogo, na sasa gari linakwenda anakotaka mkewe. Wa tatu nitamfikia baadaye.

Watu wakizungumzia kustaafu huzungumzia kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao, na wana haki ya kufanya hivyo, maana ile asilimia 33 ya malipo ya mkupuo iliyoanza Julai 2022 iliwakuta wengine wakiwa tayari wamechora ramani za nyumba. Hata hivyo mshahara una kiinua mgongo cha kuupooza, ilhali ruti haina chochote. Ninaposema ruti ninamaanisha ile hali ya mtu kusimama kando ya njia tangu alfajiri na mbuzi wake mgonjwa kwa sababu anajua leo ni Jumatano na wewe hupita Jumatano. Ukishastaafu, Jumatano hiyo anapita kijana mwingine mwenye pikipiki mpya, na yule mwenye mbuzi anakupungia mkono kwa heshima tu. Mimi hicho ndicho kilichoniuma, na sikukijua mpaka wiki ya tatu, nilipojikuta nimevaa kofia ngumu saa kumi na mbili asubuhi, nimepiga kiki, injini imewaka, na sina pa kwenda.

Nikaamua kujitengenezea ruti nyingine. Jumatatu na Alhamisi ninakwenda Mpunguzi, barabara ya Iringa, ambako nina ekari moja ya zabibu. Wasioujua mzabibu hudhani ni zao la kupanda na kusubiri, lakini hapa kwetu, kwa kuwa hatuna ile baridi kali ya kuulaza mti, mkasi wa kupogolea ndio unaoamua mti uamke lini. Ukipogoa, unahesabu kama miezi minne, unavuna, mti unapumzika kidogo, unapogoa tena. Kwa hiyo tunavuna mara mbili kwa mwaka, na katikati kuna kupiga dawa ya ukungu, kufunga matawi kwenye waya, kufukuza ndege na kubishana na wanunuzi. Mstaafu mwenye zabibu hana nafasi ya kusinzia.

Jumanne ni siku ya kuku. Kwa kushirikiana na ofisa mifugo wa kata, ninapita vijiji vya upande wa Hombolo kuchanja dhidi ya mdondo kwa chanjo ya I-2, ambayo ni tone moja tu katika jicho la kuku na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kule kurudia ndiko kunakonipa kalenda. Kuna bibi mmoja ambaye nikifika huwa amekwisha kufungia kuku wake wote ndani ya tenga, anawatoa mmoja mmoja, anamshika kuku kichwa kimelala ubavu, na mimi nikishadondosha tone hatumwachii mpaka apepese jicho, kwa sababu asipopepesa dawa itamwagika shavuni. Kuku 23, kupepesa 23, na hapo katikati ninapewa habari zote za kijiji. Malipo yake hayajazi hata tangi.

Ijumaa ninashinda kwa fundi. Sina hakika kama hiyo ni kazi, lakini benchi lile lina wazee watano na kila mmoja anajua sababu ya plagi kuingia masizi. Jumamosi ni mnada wa Msalato, ambako siku hizi ninakwenda kula nyama badala ya kukagua vibali vya mifugo, ingawa macho bado hukimbilia kwato. Jumapili pikipiki inaoshwa, inapumzika.

Sasa nije kwenye mwili, maana hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Mguu wa kiki si ule wa mwaka 1995, goti la kulia linalalamika, na mimi siku hizi ninaitanguliza stendi kubwa chini kwanza, ninasimama pembeni, ndipo nakanyaga. Macho nayo yana mambo yake. Jambo ambalo sikuwahi kulifikiria nikiwa kijana ni upande wa shamba: likiwa upande wa Chamwino na Buigiri, mashariki ya mji, asubuhi jua litakukaa usoni ukienda, na jioni utalikuta tena usoni ukirudi mjini; shamba likiwa upande wa Bahi, magharibi, jua litakuwa mgongoni safari zote mbili. Mwenzangu anayetafuta shamba la kustaafia nalo alitazame hilo kabla ya kutazama bei. Makorongo yenye mchanga nimeyaheshimu pia: zamani nilikuwa ninasimama juu ya vikanyagio, ninarudisha uzito nyuma, ninashika mkono wa mafuta bila kuyumba na ninavuka bila kugusa breki ya mbele. Leo ninashuka na kusukuma, na watoto wanaochunga mbuzi wananicheka.

Mwaka jana, kwenye kituo cha mafuta cha njia ya Kondoa, nilikuta wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, wamepanda BMW moja kubwa yenye masanduku ya bati ubavuni. Walikuwa wamestaafu na wametoka Cape Town wakielekea Cairo. Barabara ile ni sehemu ya njia kuu iliyoazimiwa tangu enzi za ukoloni, na kipande chetu cha Dodoma hadi Babati kilikamilika kwa lami mwaka 2018. Nikawauliza, kwa Kiingereza changu cha semina, wanakwenda kwa nani. Wakatazamana, wakacheka, wakasema hawaendi kwa mtu. Niliwapenda, tukapiga picha, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa ninajiuliza mtu anawezaje kuendesha kilomita zote zile bila mtu anayemngoja hata mmoja.

Naomba waendesha pikipiki wenzangu waliostaafu, au wanaokaribia, waeleze siku zao zinavyokwenda.

Dereva wa Makole

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma maelezo yako mara mbili nikiwa kijiweni na nimeshindwa kujizuia kuandika. Ninyi mlipewa barua na tarehe. Sisi wa bodaboda nani atatuandikia barua?

Nina miaka 44. Nilianza mwaka 2011, muda mfupi baada ya kanuni za mwaka 2010 kuturuhusu kubeba abiria kwa leseni, na wengi tulioanza wakati ule ndio sasa tunaingia utu uzima. Ukitazama vizuri utaona kwamba sisi ndio kundi la kwanza. Hakuna mzee wa bodaboda aliyetutangulia ambaye ningeweza kwenda kwake na kumwuliza, wewe ulitokaje? Ninaowajua waliotoka walitolewa na ajali. Mgongo wangu unaanza kuuma saa nane mchana, na usiku taa za magari zinanipasukia machoni, lakini watoto wako shule na bosi anangoja hesabu ya siku. Ninaomba waliotoka salama waniambie walishuka lini na wanashinda wapi.

Mzee wa Kijiwe, Singida

Dereva wa Makole, mimi nilishuka nikiwa na miaka 51, na nilishuka kwa miguu yangu miwili, namshukuru Mungu.

Nitakueleza bila kupamba. Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilizoea kuamka saa kumi alfajiri kuwahi abiria wa mabasi, na mwili haukupata taarifa kwamba nimeacha, kwa hiyo nilikuwa ninaamka saa hiyohiyo, ninakaa kitandani, nasikia pikipiki za wenzangu zinapita na ninaitambua kila moja kwa mlio: ile ya fulani cheni imelegea, ile ya fulani ekzosi imetoboka. Mke wangu ndiye aliyesema, kama masikio yako bado yanafanya kazi, yatafutie mshahara. Nikafungua kibanda cha vipuri palepale kijiweni. Ninauza plagi, nyaya za klachi, taa, cheni na spoketi, brek shuu, oili ya kupima. Sifanyi ufundi mzito. Kijana akija anasema pikipiki haivuti, ninamwambia aiwashe, ninasikiliza, ninamwelekeza kwa fundi akiwa tayari anajua anachokwenda kudai, na hapo fundi hawezi kumwongezea ugonjwa.

Pikipiki yangu sikuiuza. Nilimpa kijana kwa mkataba: ananiletea shilingi 10,000 kila siku kwa miezi 14, kisha inakuwa yake. Wa kwanza alipotea nayo wiki mbili na ikapatikana Manyoni ikiwa haina vioo wala betri. Wa pili amemaliza, na fedha yake ilinunua nyingine ambayo sasa iko kwa wa tatu. Ushauri wangu ni kwamba mkataba uandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kadi ya pikipiki ibaki kwako mpaka siku ya mwisho. Ukingoja mgongo ukushushe, utashuka bila pikipiki ya pili, na bila ya pili huna cha kumpa kijana.

Bwana Mifugo Mstaafu (mleta mada)

Dereva wa Makole, marahaba. Swali lako ni zito kuliko langu, na jibu la Mzee wa Kijiwe ni bora kuliko ambalo ningelitoa mimi. Nitaongeza mawili tu. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hupokea wanachama waliojiajiri wenyewe, kwa hiyo nenda ofisini kwao uulize utaratibu ukiwa bado una miaka kumi na zaidi ya kuchangia. La pili, anza kustaafu kwa vipande: acha kwanza usiku. Nami, kwa kuwa nilikuwa na barua yenye tarehe, nilijisahau mpaka siku ya mwisho, na nadhani ndiyo maana ile wiki ya tatu ilinipiga vile.

Muuguzi Mstaafu, Kondoa

Nawasalimu wote. Mimi ni mwanamke, nina miaka 66, na ninaona uzi mzima umeandikwa kana kwamba pikipiki ni ya wanaume. Nimeendesha pikipiki ya zahanati kwa miaka 19, sanduku la baridi la chanjo likiwa limefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli, na nimezalisha wanawake ambao nilifikia kwao nikiwa nimelowa mpaka kiunoni.

Ndugu mleta mada, ninatofautiana nawe kidogo. Unaandika kama vile anayeacha kuendesha amekwisha. Mimi niliacha nikiwa na miaka 62, baada ya kuanza dawa za shinikizo la damu, kwa sababu kila niliposhuka kwenye pikipiki nilikuwa naona kizunguzungu mpaka nishike usukani. Kama muuguzi nilijua maana yake. Sikumngoja mtu aninyang'anye ufunguo; nilimpa mjukuu wangu mwenyewe, na leseni yake nilimlipia mimi.

Sasa ninabebwa, na kubebwa nako kuna elimu yake. Nilikataa kuketi upande kama wanavyonitaka mabinti zangu. Ninavaa suruali, ninapanda kama dereva, na kofia ngumu yangu ni ileile ya kazini. Yule kijana akichelewa kubadilisha gia kwenye mlima, ninamgonga bega la kushoto mara moja, naye anajua. Tunakwenda kuwaona watoto niliowapokea wakizaliwa, ambao wengine sasa ni akina mama. Na mwaka juzi tulikwenda Kolo. Miaka yote ile nilikuwa napita chini ya vile vilima na chanjo zangu, barafu inayeyuka, sina hata dakika tano, na sikuwahi kupanda kuiona michoro ya miamba ambayo wageni hutoka mbali kuifuata na ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Nilipanda taratibu, nikapumzika mara tatu. Nikawaona wale watu wembamba wekundu wamechorwa kwenye jiwe, nikakaa mbele yao mpaka mjukuu akaniuliza kama ninaumwa.

Bwana Mifugo Mstaafu (mleta mada)

Dada muuguzi, nimekosolewa na nimekubali. Nitimize na ahadi yangu kuhusu yule mwenzetu wa tatu. Yeye alikuwa mwendeshaji bora kuliko sisi sote. Wakati Mtumba bado ni malisho, kabla haijawa Mji wa Serikali, tulikuwa tukihasi mafahali pamoja kule na yeye alifika kabla yetu kila mara. Alikataa kupunguza mwendo, na alikataa miwani kwa sababu ilimfanya aonekane mzee. Jioni moja, akirudi mjini kutoka upande wa Chamwino na jua likiwa usoni, aliligonga guta lililosimama. Anaishi, anatembea kwa fimbo, na Ijumaa ninampitia kwa bajaji kumpeleka kwenye benchi la fundi. Hilo la jua niliandika hapo juu kwa utulivu, lakini nililijifunza kwake.

Binti wa Kizota

Wazee wangu shikamooni. Sikuwa na nia ya kuchangia, lakini sehemu ya mwisho imenitoa machozi. Baba yangu ana miaka 69, mwalimu mstaafu, na ana pikipiki anayokwenda nayo shambani upande wa Bahi. Mwezi huu amerudi mara mbili kioo kimevunjika na anasema ni upepo. Mama ameniomba niufiche ufunguo. Je, nifiche?

Bwana Mifugo Mstaafu (mleta mada)

Marahaba mwanangu. Usiufiche. Mtu mzima ukimfichia ufunguo atakwenda kwa mguu kilomita 10 ili akuonyeshe, na atarudi anakuchukia. Upepo wa Dodoma wa Juni mpaka Agosti unasukuma kweli, lakini hauvunji kioo cha upande mmoja mara mbili. Kimevunjika cha kushoto au cha kulia?

Binti wa Kizota

Cha kushoto, mara zote mbili.

Muuguzi Mstaafu, Kondoa

Mpeleke akapimwe macho wiki hii, mwanangu, na umwambie unakwenda kupima wewe, akusindikize.

Binti wa Kizota

Wazee wangu, ninarudi na taarifa baada ya siku tisa. Tulikwenda, nikapimwa mimi kwanza, kisha nikamwomba daktari amwangalie na baba kwa kuwa tulikuwa tumeshafika. Ana mtoto wa jicho, la kushoto limefunikwa zaidi kuliko la kulia. Amepangiwa upasuaji mwezi ujao, na amekubali mwenyewe kutoendesha mpaka hapo. Hakubishana, jambo lililonitisha kidogo. Ila kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, anatoka na kofia yake ngumu, anaiwasha pikipiki, anaiacha iungurume kama dakika kumi pale uani huku amesimama pembeni ameshika usukani, kisha anaizima na kuingia ndani kunywa chai.

Bwana Mifugo Mstaafu (mleta mada)

Mwache aiwashe. Ila aisogeze mbali na dirisha la jikoni, moshi usiwaingie, na akimaliza kuizima afunge bomba la petroli, maana kabureta ya pikipiki isiyotembea haichelewi kufurika. Nitumie mtaa wenu kwa ujumbe wa faragha. Jumanne hii sina kuku, na mwambie kwamba ninahitaji mtu wa kunielekeza njia ya kwenda Bahi. Nitakuja na kofia ya pili.